Sanamu ya ukubwa wa mtu mbele ya nyumba: anza na mifupa

SWALI: Fundi, habari za kazi? Sisi ni familia ya Wakenya tunaoishi karibu na Minneapolis, Minnesota. Watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 12, wameng'ang'ania kwamba Halloween ya mwaka huu, ile jioni ya Oktoba 31 watoto wanapovaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, lazima tuweke sanamu za kutisha mbele ya nyumba, tena za ukubwa wa mtu. Mwaka jana tulijaza shati na suruali majani makavu, tukaweka kinyago cha dukani juu yake. Ikatoka kama gunia la mkaa lililovishwa nguo, na usiku wa pili upepo ukailaza chini. Za dukani ni ghali mno. Nataka sanamu tatu za kujitengenezea, zisimame mpaka siku yenyewe, zisitie kiwewe watoto wadogo wa jirani. Halafu baba watoto hana raha na mambo ya mizimu uani kwake, naye sitaki kumpuuza. Nianzie wapi? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, anzia kwenye mifupa. Kinyago, damu ya bandia na nguo zilizochanika vije mwisho, na vingine hata hutavihitaji.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutengeneza vifaa vya jukwaani na sanamu za maigizo, na kila ikikaribia Oktoba majirani huniletea sanamu zao nizirekebishe. Karibu zote zina ugonjwa uleule wa ile ya kwenu: zimejazwa. Ukijaza suruali majani, yanasambaa sawasawa kila mahali. Goti linakuwa nene kama paja, bega linakuwa la mviringo kama mto wa kulalia, kiuno hakionekani kabisa. Mwili wa mtu una sehemu ngumu zinazobeba nguo, yaani mabega, viwiko, nyonga na magoti, na kati ya sehemu hizo nguo inaning'inia tu. Jicho la mpita njia linaijua tofauti hiyo hata gizani, hata akiwa ndani ya gari.

Nina bibi kizee mmoja niliyemtengeneza zamani, na ndiye aliyenifundisha jambo hili. Nilikuwa nimemsimamisha karibu na njia ya kuingilia nyumbani, bado hana uso wala mikono. Alikuwa mabomba ya plastiki, gauni refu la mtumba na shela iliyofunika mahali pa kichwa. Mgongo nilikuwa nimeupinda, na uzito wote nimeuegemeza mguu mmoja. Jioni jirani yangu mzee akapita na mbwa wake, akasimama, akamsemesha kwa upole: mama, umepotea, nikusaidie? Akasubiri jibu. Mimi nilikuwa dirishani nikimwona, na mwili wangu wenyewe ukasisimka. Hapakuwa na tone la rangi kwenye ile sanamu.

Kwa hiyo tumia wiki yako ya kwanza kwenye mkao peke yake. Mwambie huyo wa miaka 12 asimame mbele yako kama bibi aliyetoka kuchota maji mbali, amechoka, na sasa amesikia mtu akimwita kwa nyuma. Mpige picha kwa mbele na kwa ubavu. Tazama jinsi nyonga moja inavyopanda na bega la upande huohuo linavyoshuka, jinsi goti la mguu usiobeba uzito linavyokunjika, na jinsi kichwa kinavyotangulia mbele ya kifua. Picha hizo mbili ndizo ramani yako. Usianze kukata kitu kabla hujazipata.

Sasa vipimo. Mtu mzima ana urefu wa karibu vichwa vyake saba na nusu. Tuseme bibi yako akinyooka atakuwa na sentimita 165. Kutoka ardhini hadi gotini mpe 45, goti hadi nyonga 40, nyonga hadi mabegani 50, na zile 30 zinazobaki ni shingo na kichwa. Mabega yawe na upana wa sentimita 40, nyonga 26. Mkono uwe na 30 kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na 25 kutoka hapo hadi kwenye kifundo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mikono mifupi. Mtu akisimama wima, vidole vyake hufika katikati ya paja. Sanamu ya kutisha ukiiongezea mkono sentimita tano au sita zaidi ya mtu wa kweli, mtazamaji atahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini.

Kwa mifupa, chukua mabomba ya PVC ya robo tatu ya inchi, yale magumu meupe ya maji. Madukani huko kwenu yanauzwa kwa urefu wa futi 10, karibu mita 3, na mabomba mawili yanatosha sanamu moja iliyosimama na kubakisha. Nyonga ni kipande kifupi chenye kiungo cha T katikati, mdomo ukitazama juu kwa ajili ya uti wa mgongo, na kona mbili kwenye ncha kwa ajili ya miguu. Mabegani tumia kiungo cha msalaba: chini uti wa mgongo, juu shingo, kushoto na kulia mabega, na kila bega limalizike kwa kona inayoshusha mkono. Kwenye goti, kiwiko na katikati ya mgongo weka kona za nyuzi 45. Unaweza pia kupinda bomba kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto baada ya kulijaza mchanga mkavu ili lisibonyee. Fanyia nje penye hewa, na bomba lisiguswe na moto wenyewe, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu. Ukiwa na watoto karibu, kona za dukani zinatosha.

Gundi ya mabomba iache dukani. Viungo vikishikana bila gundi, unaweza kumzungusha bibi kiwiko na bega mpaka afanane na ile picha. Msimamishe ukutani, rudi nyuma hatua kumi, mtazame, rudi umrekebishe. Hapa usione haya kupoteza jioni nzima. Mkao ukikuridhisha ndipo upige skrubu fupi moja kwenye kila kiungo, asihame tena.

Nyama ya juu ya mifupa iwe kidogo. Zile sponji ndefu zenye tundu katikati, wanazovalisha mabomba ya maji ya moto, ni rahisi na zinaingia moja kwa moja kwenye PVC. Mkono na muundi hazihitaji kingine. Kifua na nyonga vitengeneze kwa wavu wa kuku uliokunjwa kama pipa na kubanwa kiunoni. Vaa glavu ngumu unapoukata, ncha zake zinachana vidole, na kila ncha uikunje kwa ndani kwa koleo ili isije ikamkwaruza mtoto atakayeigusa sanamu. Mahali pa kujazia, jaza mifuko ya plastiki. Majani na magazeti yanakunywa maji ya mvua, sanamu inakuwa nzito, inalegea, na baada ya wiki moja inanuka.

Mikono inahitaji subira kuliko unavyodhani, maana ndiyo inayoumbua sanamu nyingi. Glavu iliyojazwa ikawa imevimba vidole vyote vitano ni kama chuchu za ng'ombe. Chukua waya wa kutundikia nguo, kata vipande vitano, pinda ncha ya kila kimoja ili isitoboe, vifunge pamoja kwenye kifundo, vizungushie pamba na solotepu nyembamba, kisha ndio uvishe glavu. Sasa kila kidole kinakunjika mahali pake. Mpe kitu cha kushika: mpini wa taa, fimbo, ukingo wa shela yake mwenyewe. Mkono unaoshika kitu unaaminika haraka. Ule ulio wazi hewani, unyooshe kidole kimoja tu kidogo, vingine vilegee.

Kichwa ndiyo kazi ya yule wa miaka 9. Dumu tupu la plastiki la maziwa, lile la galoni moja, likigeuzwa mdomo chini tayari lina umbo la fuvu: sehemu ya kishikio ni pua na paji, bomba la shingo linaingia mdomoni. Pika uji wa unga wa ngano, mwepesi wa kupakika, weka chumvi kijiko kimoja au viwili kuzuia ukungu, uache upoe. Chana magazeti vipande vyembamba kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu kingo zilizochanwa hulala bila kuacha mstari. Paka tabaka moja, acha likauke usiku na mchana, paka la pili, kisha la tatu kwa karatasi ya kahawia ya mifuko ya sokoni. Ile ya kahawia ikiloa na kufinywafinywa hutoa makunyanzi ya ngozi ya uzeeni ambayo rangi haiwezi kuyatoa.

Macho yawe katikati ya kichwa, nusu ya umbali kati ya utosi na kidevu. Watu wengi huyapandisha juu, wakasahau kwamba paji na nywele huchukua nusu nzima. Yawe mashimo yenye kina, si duara zilizochorwa. Juu ya mashimo jenga mfupa wa nyusi kwa karatasi iliyosokotwa kama kamba, na chini yake mashavu. Usiku ni vivuli tu vinavyoonekana, na kivuli kinahitaji shimo na kingo. Mdomo unaweza kuuacha mstari mmoja. Watu hupoteza siku mbili kwenye meno ambayo hayataonekana kutoka barabarani.

Rangi: paka kichwa chote kahawia inayokaribia nyeusi, rangi ya maji ya nje. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi ya majivu au ya mfupa, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama imeisha, halafu pitisha juu juu. Rangi itashika vilele tu, yaani nyusi, ncha ya pua, mashavu na makunyanzi, na mabonde yatabaki na giza. Watoto hufurahi sana hapa, sura inaibuka mbele ya macho yao kwa dakika tano. Maliza kwa varnishi ya nje, matabaka mawili au matatu. Kama utatumia kichwa cha sponji nyeupe cha kuwekea mawigi badala ya dumu, usikipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Mimi kimoja kilinilika mkononi: dawa iliyomo kwenye rangi ilitafuna pua na shavu kwa sekunde chache, shimo likaingia mpaka shingoni. Kifunike kwanza kwa karatasi na uji au kwa rangi ya maji.

Usikigandishe kichwa kwenye shingo. Kiwe cha kuvua. Karatasi hata ikipakwa varnishi haipendi kukaa mvuani wiki tatu, na hali ya hewa ya kwenu unaijua. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka siku yenyewe ya Halloween, na kufikia Novemba 3 Minneapolis ilikuwa imepokea inchi 28.4, sentimita 72. Ukisikia utabiri mbaya, toka, mvue bibi kichwa, kiingize ndani, mwili wa plastiki ubaki nje.

Nguo tafuta za mitumba, kubwa kuliko mwili kwa saizi mbili, na za kitambaa cha asili kinachokunja vizuri. Ziloweke usiku kucha kwenye majani ya chai ya rangi yaliyochemka, ile nyeupe ya dukani iondoke. Pindo la chini likwaruze kwa mparuzo wa jikoni au msasa, usilikate zigizaga kwa mkasi, maana nguo iliyochakaa kweli huisha kwenye kingo, kwenye viwiko na mahali mtu anapokalia. Shela ya shashi nyepesi juu ya kichwa inatosha kuficha nusu ya uso, na nusu iliyofichwa inafanya kazi kubwa kuliko iliyo wazi.

Sasa upepo. Gauni refu ni tanga la jahazi, na bomba ni mlingoti. Mlingoti usiofungwa huanguka. Tumia nondo ya nusu inchi, urefu wa karibu sentimita 90, ipige ardhini kwa nyundo nzito mpaka nusu yake izame, halafu chomeka mguu wa sanamu juu yake. Bomba la robo tatu linaimeza nondo hiyo sawasawa. Mguu unaobeba uzito ukae kwenye nondo iliyosimama wima, wa pili ukae kwenye nondo fupi, na bibi hatatikisika. Kwa kuwa mgongo wake umepinda mbele, ongeza mshipi wa kuvulia samaki kutoka katikati ya mabega kwenda kwenye kigingi nyuma yake, upande ambao hakuna mtu atakayepita. Chana gauni mistari mitatu ya wima mgongoni. Kwa mbele haionekani, na upepo unapita.

Lakini kabla ya kupiga nondo hata moja, piga simu 811. Ni bure, ni ya nchi nzima, na unaipiga siku chache kabla ya kazi. Watakuja watu kuweka alama za rangi juu ya nyasi zako: njano ni gesi, nyekundu ni umeme, bluu ni maji safi, machungwa ni simu na intaneti, kijani ni maji taka. Bomba la gesi la kuingia nyumbani halikai chini sana, na nondo ni chuma chenye ncha. Najua majirani wengi hawapigi. Wewe piga. Kama nyumba ni ya kupanga, mwulize mwenye nyumba pia, ajue kinachoendelea kwenye nyasi zake.

Umesema sanamu tatu. Zisiwe tatu zilizosimama, zitaonekana kama foleni ya benki. Mmoja awe bibi huyu mwenye taa. Wa pili aketi kwenye kiti barazani, naye ndiye ningeanza naye kama ningekuwa wewe, kwa sababu aliyeketi hahitaji nondo: anafungwa kwenye kiti kiunoni na vifundoni kwa vile vikamba vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, na kiti kinawekewa mfuko wa mchanga chini. Mwinamishe kichwa kama mzee aliyesinzia baada ya chakula. Wa tatu awe nusu tu, kuanzia kifuani kwenda juu, anajitoa ardhini kati ya majani makavu, mkono mmoja umeshika nyasi. Huyo anahitaji mabomba mawili mafupi ya kuchomeka kwenye nondo, mabega, mikono na kichwa. Yale majani ya mwaka jana sasa yamepata kazi yake.

Kuhusu mwanga, usinunue taa kubwa ya kumulika kutoka mbele. Mwanga wa mbele unafuta vivuli vyote, na uso ulioutengenezea mashimo wiki nzima unakuwa bapa kama sahani. Weka taa ndogo moja ya LED chini, pembeni, mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye sanamu, imulike kwa mshazari. Rangi ya bluu iliyofifia au kijani ni nzuri. Macho ya binadamu giza likiingia hupoteza nyekundu kwanza, nyekundu inaonekana nyeusi wakati bluu bado inang'aa, kwa hiyo ile damu ya bandia ya dola kadhaa ni uchafu mweusi tu ifikapo saa moja usiku. Ndani ya taa ya bibi weka mshumaa wa betri. Mshumaa wa moto usiutumie kabisa, si ndani ya sanamu, si miguuni pake: kuna nguo kavu, kuna shashi, na kuna watoto wenye mavazi marefu ya kung'aa wanaopita sentimita chache tu kutoka hapo. Ukitumia umeme wa ukutani, ekstensheni iwe iliyoandikwa kuwa ni ya nje, na soketi iwe ile yenye vitufe, inayokata umeme yenyewe umeme ukivuja, kwa mfano kwenye maji.

Jua kwenu siku hiyo linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na watoto wadogo ndio hutangulia, mara nyingi kabla giza halijakolea. Hilo linakusaidia. Njia kutoka barabarani hadi mlangoni iache wazi kabisa, upana wa watu wawili, bila nyaya, bila mshipi, bila kitu cha kukwaza, kwa sababu mtoto aliyevaa kinyago haoni miguu yake. Yule anayetoka ardhini mpeleke mbali na njia, kwenye kona yenye giza, aonwe na wakubwa wanaomtafuta. Bibi mwenye taa akae upande mmoja, uso wake ukitazama barabarani, si mlangoni, ili mtoto wa miaka mitatu akipita amwone kwa ubavu tu. Mlangoni weka maboga yanayocheka na taa ya njano. Usiweke kitu kinachoruka au kupiga kelele ghafla mtu akikaribia. Mtoto akishtushwa hukimbia kuelekea nyuma, na nyuma yake kuna barabara.

Kuna sanamu moja nakuomba usiitengeneze kamwe, hata watoto wakikuonyesha picha yake mtandaoni: mtu aliyening'inizwa mtini kwa kamba. Hapo Minnesota kwenu, mjini Duluth, tarehe 15 Juni 1920, umati uliwatoa rumande vijana watatu weusi, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, wakawanyonga kwenye nguzo ya taa ya barabarani kwa kosa ambalo hawakulitenda. Mnara wao wa kumbukumbu uko pale mjini tangu 2003. Majirani wako wengine ni wajukuu wa watu waliokimbia mambo hayo kusini mwa Marekani. Watakachokiona mtini si mchezo. Waeleze watoto wako sababu, wa miaka 12 anaweza kuielewa, na huyu wa miaka 9 pia.

Kuhusu baba watoto, usimbishie. Mwite aje kwenye mifupa. Mzee mwenyewe aliyelelewa shambani anajua sanamu ya ukubwa wa mtu ni nini: ni ile inayosimamishwa kwenye mtama na mpunga kutishia ndege, imevaa koti la babu, mikono imenyooka kwenye mti, wakati watoto wako juu ya dungu wakiamia ndege kwa kombeo. Mwambie akutengenezee hiyo. Mifupa ni ileile, nondo ni zilezile, badala ya shela unaweka kofia ya majani, badala ya taa ya bluu unaweka maboga na mabua ya mahindi miguuni. Sanamu ya aina hiyo inakaa uani kuanzia Septemba hadi Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na hakuna anayeona mzimu ndani yake. Halloween yenyewe ilifika Marekani na wahamiaji, Waayalandi na Waskoti wa karne ya 19, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, mzizi mnene wa mviringo unaoliwa, na kuweka mwanga ndani. Huku wakakuta boga, kubwa na laini zaidi, wakachonga hilo. Familia yenu nayo inaweza kuongeza la kwake. Mkikubaliana mbili za kutisha na moja ya shambani, mtakuwa na uwanja mzuri kuliko wa jirani mwenye tatu za dukani. Na kama atasema hapana kabisa, tengenezeni tatu za shambani, mkao uleule, na watu bado watasimama.

Wiki moja kabla, usiku, toka na watoto mvuke barabara, mkasimame ng'ambo. Zima taa ya barazani. Angalieni bila kusema kitu kwa dakika moja. Kama jicho lenu linakwenda kwanza kwenye mkono mmoja mnene au kwenye bomba jeupe linalochungulia chini ya gauni, hilo ndilo la kurekebisha kesho yake. Mabomba yanayoonekana paka rangi nyeusi.

Halloween ikipita, mvue bibi nguo, mtenganishe kiunoni kwa kufungua skrubu mbili, na umtundike ukutani gereji kwa mabega. Kichwa usikiache humo peke yake. Uji wa ngano ni chakula, na panya wa majira ya baridi watakitafuna kuanzia masikioni. Kitie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, uandike jina juu yake.